Kivuli cha Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.



Maneno haya niliyatoa kwanza kwa mdomo katika darsa letu la baada ya Alasiri, na mhariri wa jarida akaniomba niyaandike. Nilisita, kwa sababu humo ndani mna aibu yangu. Nimekubali kwa kuwa kosa lenyewe nililitenda kwa elimu hii hii tunayosomeshwa hapa chuoni, na wengi wenu mtarudi makwenu likizo inayokuja na mtaulizwa maswali kama niliyoulizwa mimi. Mtu akirudi nyumbani na vitabu viwili vya Kiarabu mkobani, tayari watu wanamwita shehe.

Kwetu ni mji mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi. Soko lake ni la zamani. Wazee husimulia kwamba lilikuwapo tangu enzi za mitumbwi ya kutoka Ujiji, wafanyabiashara walipokuja na nguo, shanga na chumvi, na Kiswahili kikaja pamoja nao. Katikati ya soko kulikuwa na uwanja wa mchanga, mlango wa msikiti unatazama uwanja huo, na uwanjani kulikuwa na miembe mitano mikubwa. Hakuna mtu aliye hai aliyejua nani aliipanda.

Kila mwembe ulikuwa na watu wake. Chini ya wa kwanza walikaa wamama wa ndagala na nyanya. Wa pili ulikuwa wa vijana wa baiskeli, wale tunaowaita wanyonzi, ambao hulala juu ya tandiko la baiskeli mchana kama mtu aliyelala kitandani kwake. Wa tatu ulikuwa wa kinyozi. Kioo chake kilining'inia kwenye msumari uliokwisha mezwa na gome. Wa nne ulikuwa wa wazee na bao lao. Wa tano, ule wa karibu na barabara, haukuwa wa mtu maalumu, na kwa hiyo ulikuwa wa wale wasio na mtu: waliotoka milimani kwa miguu na ndizi kichwani, mgonjwa anayesubiri gari la hospitali, mwanamke anayenyonyesha. Baada ya Adhuhuri, sisi tuliotoka kuswali tuliungana nao. Asilimia kubwa ya waliokaa pale hawakuwa Waislamu, kwa kuwa katika nchi yetu sisi ni wachache. Lakini mtu akikaa mbele ya mlango wa msikiti miaka ishirini, akanywa maji ya birika letu na kusikia mawaidha yetu kwenye spika, huyo ni jirani.

Likizo ya mwaka jana nilikuta mji unazungumzia mradi. Wakubwa wa mji walitaka kuusakafia uwanja kwa vitofali vya saruji na kuuzungushia maduka kumi. Kwa kuwa kipande cha uwanja ule ni wakfu wa msikiti, kamati ya msikiti ilitakiwa itoe ridhaa, na ikitoa itapewa maduka matano. Miembe lazima itoke. Msiharakishe kuwalaumu wanakamati. Paa la msikiti lilikuwa linavuja. Mwalimu wa madrasa alikuwa hajalipwa miezi minne. Kodi ya maduka matano kwa mji kama wetu ni riziki kubwa, na watu wale walikuwa wameomba msaada kila mahali.

Kikao kilipokaa, mzee mmoja akauliza: je, sheria inasemaje juu ya kukata miti hii? Mwenyekiti akanitazama. Akasema, tunaye kijana wetu anayesoma, atuambie.

Nikasimama. Nikawaambia mambo matatu, na yote matatu yamo vitabuni. Nikasema kwamba Urwa bin Zubayr, mmoja wa mafakihi wakubwa wa Madina, alikata mikunazi ya shamba lake akatengeneza milango, na akasema hakuna ubaya. Habari hiyo imo katika Sunan ya Abu Dawud. Nikasema kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru mtende wa Samura bin Jundub ung'olewe kwa sababu ulimdhuru mtu wa Kiansari, na hiyo pia imo kwa Abu Dawud. Nikamalizia na Umar bin Khattab (r.a.), kwamba imepokewa kuwa aliukata ule mti uliosemwa kuwa ndio wa Baiatur Ridhwan. Ikiwa mti kama ule ulikatwa, miembe ni kitu gani? Wakacheka kwa furaha. Mwenyekiti akasema, mnaona faida ya elimu.

Kazi ya msumeno wa injini ilichukua siku mbili.

Sasa nawaambia nilichokificha. Mlango ule ule wa Abu Dawud nilikotoa habari ya Urwa unaanza na Hadithi nyingine, kutoka kwa Abdullah bin Hubshi (r.a.), yenye onyo kali kwa anayekata mkunazi: kwamba Allah atakiinamisha kichwa chake Motoni. Abu Dawud mwenyewe aliulizwa maana yake. Akaeleza kwamba maneno ya Hadithi ni ya muhtasari, na kinachokusudiwa ni mkunazi ulioko nyikani, ambao msafiri na mnyama hupata kivuli chini yake, kisha mtu akaukata ovyo na kwa dhulma, bila ya kuwa na haki juu yake. Nilikuwa nimeyasoma maelezo haya muhula mmoja kabla. Nilikuwa nayo kwenye daftari, kwa wino wangu.

Kwa nini sikuyasema? Kamati ile ndiyo iliyonichangia nauli na ada ya mwaka wa kwanza. Hakuna aliyenitisha wala aliyenikumbusha. Nilijitisha mwenyewe.

Hadithi ya mkunazi ina maneno katika isnadi zake, na sitaki kuificha hiyo kama nilivyoficha ile. Wapo walioidhoofisha, wapo walioisahihisha, na kuna mapokezi yanayoitaja mikunazi ya Haram, kwa hiyo baadhi ya wanazuoni wakasema onyo linahusu Haram tu. Imam Suyuti aliandika risala nzima juu ya suala hili la kukata mkunazi. Basi mtu asije akasema kwamba kila anayekata mti yumo Motoni. Urwa alikata, na Urwa ni Urwa. Lakini tazameni tofauti: Urwa alikata mti wake, katika ardhi yake, kwa haja yake. Anayezungumziwa na Abu Dawud ni yule anayekata kivuli cha msafiri. Miembe yetu ilikuwa ipi kati ya hiyo miwili? Hata mtoto wa chuo cha Kurani angejibu.

Na hata kama ukiiweka kando Hadithi ya mkunazi kwa ajili ya isnadi, huwezi kuiweka kando ile iliyomo katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha watu na mambo mawili yanayovuta laana. Maswahaba wakauliza ni yapi. Akataja mtu anayekwenda haja katika njia ya watu, au katika kivuli chao. Hadithi hii tunaifundisha watoto katika mlango wa tohara, adabu za choo, kisha tunaendelea na udhu. Mimi nimeipita hivyo hivyo miaka mingi. Lakini simama kidogo kwenye neno "chao". Kivuli kimenasibishwa kwa watu kama njia ilivyonasibishwa kwao. Imam Khattabi anaeleza kwamba si kila kivuli kimekusudiwa, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipata kujisitiri kwa haja chini ya mitende. Kinachokusudiwa ni kivuli ambacho watu wamekifanya mahali pao pa kupumzika na kushukia. Maana yake ni kwamba watu wakikizoea kivuli, kinakuwa na haki ndani yake. Hawakukinunua wala hawana karatasi yake. Wamekaa tu.

Na ikiwa anayekichafua kivuli hicho kwa muda, uchafu ambao mvua moja itauosha, amejiweka kwenye njia ya laana, vipi kuhusu anayekiondoa kabisa? Wanafunzi wa Usulul Fiqh mtaijua hoja hii. Ni kama ilivyo kwa wazazi wawili: kuwaambia "ah" kumekatazwa, basi kuwapiga hakuhitaji aya nyingine.

Nirudi kwenye dalili zangu tatu, kwa maana nimewiwa. Ile ya Urwa nimeshaieleza. Ya Samura niliigeuza kichwa chini miguu juu. Samura alikuwa na mtende ndani ya bustani ya mtu mwingine, na kila akiingia kuuangalia alimwudhi mwenye bustani na watu wa nyumbani kwake. Mtume (s.a.w.) alimwomba auuze, akakataa, aubadilishe na mwingine, akakataa, autoe zawadi kwa ujira mkubwa wa Akhera, akakataa. Hapo ndipo alipomwambia kwamba yeye ni mwenye kudhuru, na akamwamuru Muansari aung'oe. Katika kisa kile mdhuru alikuwa mwenye mti. Sokoni kwetu mdhuru alikuwa mwenye msumeno. Na nani aliyewaendea wamama wa ndagala kuwapa hata chaguo moja katika yale matatu? Walipata habari walipoona kamba imefungwa kwenye matawi.

Ya Umar nayo, mbali na kwamba Sahih Bukhari ina mapokezi kuwa walioshuhudia baia ile walirudi mwaka uliofuata wakashindwa kuujua mti wenyewe, sababu inayotajwa ni kwamba watu walikuwa wakiuendea kuswali hapo, naye akachelea itikadi zao. Nani aliyekuwa akiuabudu mwembe wa kinyozi? Mtoto wa Umar huyo huyo, Abdullah (r.a.), imepokewa kwamba kulikuwa na mti ambao Mtume (s.a.w.) aliwahi kushuka chini yake, naye Ibn Umar akawa anaumwagia maji shinani usikauke. Ningeweza kulisema na hilo. Sikulisema.

Baada ya uwanja kusakafiwa, jua likawa linapiga vitofali na vitofali vinalirudisha usoni. Lengalenga zinanyauka kabla ya saa sita. Mwenye uwezo alinunua mwavuli. Asiye nao alitundika kitenge kwenye vijiti vinne, na askari wa soko wakawa wanavishusha kwa kuwa vinaharibu sura ya mradi. Wanyonzi wamehamia barabarani. Bao la wazee limekwisha. Nasikia mmoja wao sasa anashinda nyumbani, na mtu wa umri ule akishaanza kushinda nyumbani tunajua. Wanaotoka milimani hufika saa tano, wakauza kwa bei ya kutupa ili warudi kabla hawajaanguka. Ni kweli, paa la msikiti halivuji tena, na mwalimu wa madrasa analipwa. Sisi tunaswali kivulini.

Wenzangu, sheria yetu inalijua joto. Katika Sahihi mbili imo amri ya kuichelewesha Adhuhuri joto linapokuwa kali, na Abu Dharr (r.a.) anasimulia safarini jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomzuia muadhini mara kwa mara mpaka wakaona vivuli vya vilima. Salama bin Akwa (r.a.) anapotueleza saa waliyokuwa wakiswali Ijumaa, anaieleza kwa kivuli: walikuwa wakitoka na kuta hazina kivuli cha kuwatosha. Dini inayosogeza nguzo yake ya pili kwa ajili ya jua la mchana haiwezi kuwa haina la kusema juu ya kichwa cha mwanamke anayeuza nyanya.

Na soko si mahali pasipo na fikihi. Imam Mawardi katika Al-Ahkam As-Sultaniyya ameweka mlango wa manufaa ya pamoja, akazungumzia vituo vya wasafiri, nyua zilizo mbele ya majengo, na pembezoni mwa njia na masoko, nani ana haki ya kukaa na mtawala ana haki ya kuingilia mpaka wapi. Kutoka kwa Ali (r.a.) imepokewa kwamba soko la Waislamu ni kama mahali pao pa kuswalia: aliyetangulia mahali ni pake kwa siku ile mpaka aondoke. Ona alivyolilinganisha. Msikitini hakuna anayeweza kuja na mkataba akamwondoa maskini safu ya kwanza. Sokoni sisi tulifanya hivyo, tena kwa jina la msikiti.

Halafu kuna hoja moja iliyosemwa kikaoni ambayo ilinisumbua kuliko zote, na sikupata jibu lake mpaka niliposafiri. Mjumbe mmoja alisema miti ile haina mwenyewe, kwa kuwa hajulikani aliyeipanda.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilivuka kwenda Ujiji kwenye harusi ya binamu yangu. Asubuhi moja nikatembea katika njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka ziwani, ambayo bado ina miembe. Mwembe si mti wa asili ya huku. Asili yake ni upande wa India, na waliouingiza bara ni watu wa misafara, karne ya 19. Ujiji lilikuwa soko kubwa. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858. Mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapo, na wageni huonyeshwa mahali penyewe; mwembe wa wakati ule ulikufa zamani, ipo mingine inayosemwa imetokana nao. Watu huenda kupiga picha. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine. Katika soko lile, pamoja na samaki, mawese na pembe za ndovu, waliuzwa binadamu. Na waliowauza wengi wao walikuwa na majina kama yetu, wanaswali kama sisi, na bila shaka waliijua Hadithi ya kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Nani alichimba mashimo ya miembe ile? Sidhani kama ni mwenye msafara. Husimuliwa kwamba njia nzima iliota kwa kokwa zilizotupwa na waliokuwa wakipitishwa, na kwa mikono yao. Basi thawabu za kivuli kile ni za nani? Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na mbele ya hesabu hiyo nanyamaza, ila najua kwamba Mwenye kuhesabu hadhulumu uzito wa chembe. Ninachoweza kusema ni hiki. Miembe ya soko letu ni ya ukoo ule ule, imekuja kwa mitumbwi ile ile. Kama tumerithi kivuli kilichopandwa na mikono isiyolipwa, sisi ni wa mwisho kabisa wa kusimama na kusema hakina mwenyewe, kwa hiyo tukibadilishe na maduka matano. Mwenyewe alikuwapo. Alikuwa amekaa chini yake na beseni la ndagala.

Kila nikifikiria hilo, Surat Al-Qasas hunijia. Musa (a.s.) anafika Madyan amekimbia, hana mtu, hana chakula, hajui atalala wapi. Anafika penye maji, mahali pa watu wote, penye msongamano wa wachungaji. Anawanyweshea mifugo wale mabinti wawili, kisha Kurani inatuambia aligeukia kivulini, na hapo kivulini ndipo alipoomba ile dua ya mtu aliye fukara wa kheri yoyote itakayomshukia. Wengi wetu hapa tuna wazazi waliowahi kuwa wakimbizi. Wengine tulizaliwa kambini. Mnajua mtu aliyefika mji asioujua anatafuta nini kwanza. Hatafuti duka. Mwembe wetu wa tano ulikuwa wa watu hao.

Nilirudi kutoka Ujiji nikapitia sokoni. Mama mmoja muuza ndagala, Mkristo, ambaye amenijua tangu naenda madrasa na kibao kwapani, alikuwa amejifunika gunia kichwani. Nikamsalimia. Akaniitikia vizuri, akaniuliza masomo. Kisha akasema, bila hasira yoyote: "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini miaka yote nilikuwa nasikia kwenye spika zenu mkisema mti ni sadaka. Kumbe kuna ukurasa mwingine?"

Nimefanya mitihani mingi hapa chuoni. Swali lile ndilo lililonishinda.

Siku ile ile baada ya Isha nilimwomba imamu nafasi. Nikawasomea wanakamati mlango mzima wa Abu Dawud, kutoka mwanzo, pamoja na maelezo niliyoyaacha. Nikasema kwamba mara ya kwanza niliwasomea nusu, na nikasema kwa nini. Palikuwa kimya mno. Mwenyekiti, ambaye ni mzee wangu na sitamvunjia heshima, akaniuliza: "Mbona hukusema siku ile?" Nikasema niliogopa. Akatikisa kichwa, akasema: "Kama ungesema, huenda tusingekusikiliza. Lakini ungekuwa umesema."

Maduka hayawezi kuvunjwa, na sikuomba yavunjwe. Tulichokubaliana ni kidogo. Kamati iliwaendea wakubwa wa mji, wakaruhusu vitofali ving'olewe mahali sita: pembe nne za uwanja, na sehemu mbili mbele ya baraza la msikiti. Mashimo yalichimbwa mapana, kwa kuwa chini ya saruji udongo umeshindiliwa kama mwamba, na tukajaza udongo wa bustani na samadi. Kila mche ukazungushiwa uzio wa matete. Sehemu ya kodi ya maduka itanunua maji wakati wa kiangazi. Na wenye kuuza pale waliulizwa safari hii wanataka mti gani, wapi. Wamama walikataa mwembe pembe ya nyanya, kwa sababu maembe mabichi yakianguka yanapasua bidhaa; jambo hilo hakuna mwanakamati aliyelijua, pamoja na kwamba tumetoka msikitini tukiyaokota maembe hayo maisha yetu yote.

Kati ya miche sita, mmoja umekauka. Mmoja uliliwa na mbuzi aliyepenya kwenye uzio. Kwa mujibu wa Hadithi ya sadaka huyo naye keshahesabiwa, lakini tumepanda mwingine na kuongeza matete. Uliobaki mrefu kuliko yote ni ule ulio karibu na beseni la yule mama. Huumwagia maji ya kuoshea ndagala. Unanuka, ila umefika kiunoni mwangu.

Mwembe wa mbegu unaweza kukupa tunda baada ya miaka sita au saba. Kivuli cha kutosha wamama kumi ni habari ya miaka mingi zaidi. Kinyozi wetu ana nywele nyeupe. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba mtu alimpita Abu Dardaa (r.a.) anapanda Damascus, akamshangaa, Sahaba mzima kufanya kazi ile, naye akamjibu kwa Hadithi ya aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya thawabu za mwenye kupanda. Na imo kwa Imam Ahmad, na kwa Bukhari katika Al-Adab Al-Mufrad, kutoka kwa Anas (r.a.), kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Kwa hiyo suala la nani atakikalia kivuli hicho tusilifanye kuwa udhuru.

Kiangazi kinaanza Juni, na ndiyo miezi yetu ya likizo. Wanaotoka miji ya ziwani, au mji wowote ambao uwanja wa soko lake umeanza kupimwa kwa kamba, waandike majina kwa katibu wa jumuiya kabla ya mitihani. Kwetu tunahitaji watu wa kubeba madumu ya maji mara mbili kwa wiki. Kwenu, ulizeni kwanza nani hukaa chini ya mti gani. Na mkiulizwa hukumu, someni mlango mzima.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.